Uza karata kwa bei ghali: mwongozo kamili wa kuweka dau dhidi ya droo kwenye poka

Kwenye meza nyingi za poka utakuta watu wa aina mbili wanaoogopa droo, yaani mkono ambao haujakamilika unaosubiri karata. Wa kwanza akiona kopa mbili mezani anasukuma dau la ajabu, mara tatu ya pesa iliyopo, ili kila mtu akimbie. Wa pili anapooza: anagonga meza, anasubiri aone kama kopa ya tatu itakuja, halafu ndiyo aamue. Wote wawili wanapoteza pesa kwa sababu ileile. Wanafikiri kazi yao ni kumzuia mwenzao asipate karata anayoitaka.

Kazi yako si hiyo. Mwenye droo ni mteja. Anataka kununua karata moja, na wewe ndiye unayepanga bei. Akinunua kwa bei mbaya, umepata faida hata siku ambayo karata inamwangukia. Mwongozo huu unahusu upangaji wa bei hiyo kwenye Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili zake mkononi na wote wanatumia tano za mezani), hatua kwa hatua, tangu flopu hadi karata ya mwisho.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Flopu ni zile karata tatu za mwanzo zinazofunuliwa mezani, kisha inakuja karata ya nne, kisha ya mwisho. Poti ni pesa yote iliyokwisha wekwa mezani. Kugonga ni kupita bila kuweka dau, kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kupandisha ni kuliongeza. Flashi ni karata tano za rangi moja, streti ni karata tano zinazofuatana. Rangi ni zilezile za karata zetu: kopa (♥), uru (♦), shupaza (♠) na pao (♣), ambayo wengine huiita maua. Mwenye droo ni yule ambaye mkono wake haujakamilika, anasubiri karata moja tu ili awe na flashi au streti.

Hatua ya 1: Isome meza kabla ya kusoma mkono wako

Una A♠K♦. Flopu ikija K♣7♦2♠, una pea ya juu (K yako na K ya mezani) na karibu hakuna droo ya kutia wasiwasi. Hakuna rangi mbili zinazofanana, hakuna karata zinazokaribiana. Hapo dau dogo, theluthi moja ya poti, linatosha. Unalipwa na K dhaifu na pea za katikati, na wasio na kitu hawana karata ya maana ya kuinunua.

Flopu ikija K♥8♥3♣, mambo yamebadilika kidogo: kila mwenye kopa mbili anasubiri. Ikija 9♥8♥7♣, meza imelowa kabisa. Kuna waliokwisha pata streti, kuna wanaosubiri streti, kuna wanaosubiri flashi, kuna wanaosubiri vyote viwili, na A♠K♦ yako haina kitu. Hapo usijipe moyo kwa sababu tu ulikuwa na karata nzuri mwanzoni. Gonga, na uwe tayari kutupa.

Kanuni ya hatua hii ni fupi: kadiri meza inavyokuwa na droo nyingi, ndivyo dau lako linavyopaswa kuwa kubwa na ndivyo idadi ya mikono unayoiwekea dau inavyopungua.

Hatua ya 2: Hesabu karata anazozisubiri

Rangi moja ina karata 13. Mwenzako akiwa na kopa mbili mkononi na mezani pako mbili, zimebaki 9. Kwa macho yake, kuna karata 47 asizozijua baada ya flopu, kwa hiyo nafasi ya kupata kopa kwenye karata ya nne ni 9 kati ya 47, yaani asilimia 19.1. Akikosa, kwenye karata ya mwisho ni 9 kati ya 46, asilimia 19.6. Akihakikishiwa kuziona zote mbili, ni asilimia 35.

Hizi ndizo za kukaa nazo kichwani:

- Streti yenye tundu katikati (mfano ana 10 na 9, mezani kuna K na Q, anataka J tu): karata 4. Asilimia 8.5 kwa karata moja, 16.5 kwa mbili.
- Streti iliyo wazi pande mbili (ana J na 10, mezani 9 na 8): karata 8. Asilimia 17 kwa moja, 31.5 kwa mbili.
- Flashi: karata 9. Asilimia 19 kwa moja, 35 kwa mbili.
- Flashi pamoja na streti yenye tundu: karata 12. Karibu asilimia 26 kwa moja, 45 kwa mbili.
- Flashi pamoja na streti iliyo wazi: karata 15. Karibu asilimia 32 kwa moja, 54 kwa mbili.

Ukisahau, zidisha karata zake kwa 2 kwa kila karata inayokuja, au kwa 4 kama ameshaweka pesa zake zote na ataziona mbili bila kulipa tena. Kwa droo kubwa za karata 12 na 15 njia hii inazidisha kidogo upande wa mara nne, lakini mezani inatosha.

Angalia hapo kosa linalowapotosha wengi. Anayesema "nina asilimia 35" anapofuata dau la flopu anajidanganya, kwa sababu dau hilo limemnunulia karata moja tu. Ya pili atailipia upya. Mpinzani anayefikiri hivyo ni mteja wako bora kuliko wote.

Hatua ya 3: Geuza dau liwe bei

Waliozoea kubeti mpira wataielewa hatua hii upesi kuliko wengine. Timu yenye odi ya 5.00 inahitaji kushinda mara moja kati ya tano ili usipate hasara. Kampuni ya kubeti haijali nani atashinda Jumamosi. Inachojali ni kwamba odi iliyoitoa iko chini kidogo ya ile ya haki. Kwenye poka, unapoweka dau dhidi ya droo, kampuni ni wewe.

Odi ya haki ya flashi kwa karata moja ni 47 kugawa kwa 9, yaani 5.22. Sasa tazama dau lako linampa odi gani. Ukiweka theluthi moja ya poti, analipa 1 ili apate jumla ya 5: odi ya 5.00. Nusu ya poti ni odi ya 4.00. Poti nzima ni 3.00. Mara mbili ya poti ni 2.50.

Kwa asilimia: theluthi moja inamtaka ashinde asilimia 20 ya mara zote, nusu ni 25, theluthi mbili ni karibu 29, robo tatu ni 30, poti nzima ni 33, mara mbili ya poti ni 40. Linganisha na orodha ya hatua ya pili. Flashi ina 19. Kwa hiyo hata nusu ya poti tayari ni bei mbaya kwake, na hakuna haja ya kusukuma poti mara tatu. Ukisukuma hivyo, mwenye droo atatupa na utabaki na yule tu aliyekwisha kukupiga.

Kati ya theluthi mbili na robo tatu ya poti ndipo ninapokaa mara nyingi kwenye meza zenye droo. Bei ni mbaya kwa anayesubiri, lakini si mbaya kiasi cha kumwamsha.

Hatua ya 4: Mkono mmoja, kuanzia mwanzo

Tuchukue meza ya nyumbani, blaindi (madau ya lazima kabla ya karata) za shilingi 500 na 1,000, kila mmoja ana 60,000. Wewe uko kwenye nafasi ya mgawaji, unazungumza mwisho. Una A♠K♦, unapandisha hadi 3,000. Blaindi ndogo anatupa, blaindi kubwa anafuata. Poti ni 6,500.

Flopu: K♥8♥3♣. Yeye ana J♥10♥, ingawa wewe huzioni. Anagonga.

Ukiweka 2,000, anatakiwa alipe 2,000 ili poti iwe 10,500. Hiyo ni asilimia 19 na nukta chache, sawasawa na nafasi yake ya kopa. Yaani umemuuzia kwa bei ya jumla, huna faida hata senti, na kila atakachokuchuna baadaye ni chake.

Unaweka 4,500. Sasa analipa 4,500 ili poti iwe 15,500, na anahitaji asilimia 29. Ana 19. Anafuata, kwa sababu kopa zinapendeza machoni.

Karata ya nne: 2♠. Haijabadilisha chochote. Anagonga tena.

Hapa ndipo watu wengi wanapolegea. Wanasema "nimeshaweka dau, hajaondoka, labda ana kitu kikubwa," kisha wanagonga na kumpa karata ya mwisho bure. Hebu fikiria: dau la flopu lilimuuzia karata ya nne. Karata ya mwisho hajailipia. Ukigonga, umempa zawadi ya asilimia 19.6 ya poti ya 15,500.

Unaweka 11,000, takriban asilimia 70 ya poti. Anatakiwa alipe 11,000 ili poti iwe 37,500: asilimia 29 tena. Akifuata, mara 9 kati ya 46 anachukua 26,500 zilizokuwepo, mara 37 anapoteza 11,000. Ukipiga hesabu ya wastani, kila anapofuata anakuachia kama shilingi 3,660. Hiyo ndiyo faida yako, na umeipata kabla karata ya mwisho haijafunuliwa. Ikija kopa hujapoteza faida hiyo. Umelipwa kwa mkono huu na umetozwa kwa huu.

Hatua ya 5: Jua deni la karata ya mwisho

Hesabu ya juu ina sharti moja kubwa, na ndilo linalotofautisha anayejua namba na anayejua mchezo. Nimeihesabu kana kwamba baada ya karata ya mwisho hakuna pesa tena inayoingia. Lakini ipo. Kwenye mfano wetu kila mmoja bado ana 41,500 mbele yake.

Anakuachia 3,660 kwa wastani kila anapofuata. Anapata kopa mara 9 kati ya 46. Ili afidie hasara hiyo, kila kopa inapomwangukia anahitaji kukuchuna kama 18,700 za ziada. Poti ni 37,500, kwa hiyo dau la 20,000 pale mwishoni ni la kawaida kabisa. Ukiwa mtu wa kusema "siwezi kutupa A na K" na unalipa 20,000 hizo kila kopa inapokuja, basi bei yote uliyoipanga kwenye flopu na karata ya nne umeirudisha. Alikuwa sahihi kufuata, na wewe ndiye uliyemfanya awe sahihi.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili. La kwanza, pesa ikiwa nyingi mbele yenu, ongeza ukubwa wa dau kwenye karata ya nne, kwa sababu deni la mwisho ni kubwa zaidi. La pili, droo inayoonekana ni nafuu kuliko iliyojificha. Kopa ya tatu ikianguka, hata mgeni wa mchezo anaiona. Lakini mwenye 7♠5♠ kwenye meza ya K♥8♥6♣, akipata 4, amekamilisha streti ambayo hata hukuiwaza, na utamlipa hadi shilingi ya mwisho. Droo za namna hiyo zina karata pungufu kidogo kuliko flashi ila malipo yake ya baadaye ni makubwa.

Hatua ya 6: Droo kubwa, usishindane nayo kwenye flopu

Una A♠A♦, meza ni 9♥8♥2♣, mwenzako ana J♥10♥. Ana kopa 9, pamoja na Q tatu na 7 tatu ambazo si kopa. Jumla 15. Ukimwekea zote kwenye flopu, anashinda zaidi ya nusu ya mara zote. Umeona? Pea ya ree (A mbili), mkono bora kabisa wa kuanzia, na bado uko nyuma.

Karata ya nne ikija 3♠, mizani inageuka. Sasa ana karata moja tu ya kusubiri, 15 kati ya 46, chini ya asilimia 33. Nguvu yako yote iko hapa. Weka dau la poti nzima au zaidi kidogo, maana chini ya hapo ana haki ya kufuata. Ndiyo maana kwenye meza zilizolowa sana napenda dau la wastani kwenye flopu na nyundo kwenye karata ya nne, badala ya kinyume chake. Wengi wanafanya kinyume: wanapiga kelele kwenye flopu, halafu wananyamaza pale ambapo kila shilingi wanayoweka ina thamani zaidi.

Hatua ya 7: Mkiwa zaidi ya wawili

Poti ni 10,000, unaweka 5,000. Wa kwanza anayefuata anahitaji asilimia 25. Wa pili anakuta pesa ya wa kwanza iko mezani tayari: analipa 5,000 ili poti iwe 25,000, anahitaji asilimia 20 tu. Wa tatu, hata chini ya hapo. Wateja wanasaidiana kushusha bei bila kukubaliana.

Kibaya zaidi, karata zao zinajumlishwa dhidi yako. Mmoja anasubiri kopa, mwingine anasubiri streti iliyo wazi: kwa pamoja ni karata 15 zinazokuumiza, maana mbili ni za wote. Kwa hiyo mkiwa watatu au wanne, ongeza dau hadi karibu na poti nzima, na pea moja isikupe kiburi. Wakishafuata wawili na kopa ikaja, tupa. Karibu kila mara mmoja wao anayo.

Hatua ya 8: Unapozungumza kwanza, na anapopandisha

Ukiwa wa kwanza kuzungumza, usigonge kwa matumaini kwamba mwenye droo ataweka dau ili umpandishie. Mwenye droo anafurahi kugonga nyuma yako na kuona karata bure. Weka dau mwenyewe. Mtego wa kugonga uuache kwa mpinzani ambaye umemwona akiweka dau kila anapopewa nafasi.

Kuna mbinu ya zamani unayopaswa kuitambua: mtu aliye nyuma yako anapandisha dau dogo kwenye flopu, wewe unafuata, unagonga karata ya nne kwa hofu, naye anagonga. Amelipa kidogo kwenye flopu, ambako madau ni madogo, na akapata karata ya mwisho bila malipo. Ukihisi ndivyo, usigonge karata ya nne kama haijabadilisha kitu mezani. Weka dau wewe, karibu theluthi mbili ya poti, na umrudishe kwenye foleni ya kulipa.

Kupandisha kwa nguvu ni jambo jingine. Kwenye mkono wetu, umeweka 4,500, anapandisha hadi 14,000. Unatakiwa kuongeza 9,500 ili poti iwe 34,500: asilimia 27 na nusu. Anaweza kuwa na seti (tatu za namna moja: mbili mkononi, moja mezani) ya 8 au ya 3, anaweza kuwa na kopa mbili anazuga huku akiwa na akiba ya karata 9. Ukiwa na pea ya juu na unazungumza mwisho, fuata uone karata ya nne. Ikija karata isiyo na madhara akagonga, weka dau. Mara nyingi hiyo ilikuwa droo. Ikija isiyo na madhara na akaendelea kupiga kwa nguvu, amua kwa kumfahamu mtu. Ukiwa na seti, pandisha tena hapohapo bila kusita. Kopa ikimwangukia, bado una karata 10 za kukupa fuli-hausi (tatu za namna moja na mbili za nyingine) au nne za namna moja, na mojawapo ya kopa zake, 3♥ ukiwa na seti ya 8, inakukamilishia fuli-hausi yako kabla yake.

Jambo dogo la pembeni: tazama kama una A ya rangi ile. Ukiwa na A♥ mwenyewe, hakuna mwingine mwenye droo ya flashi kubwa kuliko zote, na jozi za kopa zinazowezekana zinapungua kutoka 55 hadi 45. Ni sababu ya kutoogopa kupandishiwa kwa kiasi fulani.

Hatua ya 9: Karata ya mwisho

Kopa imekuja. Aliyekuwa anagonga tangu flopu ghafla anaweka 20,000 kwenye poti ya 37,500. Unahitaji kuwa mbele asilimia 26 ya mara zote. Swali si "je, anaweza kuwa anazuga?" Kila mtu anaweza. Swali ni kama mtu huyu anazuga zaidi ya mara moja kati ya nne kwenye hali hii. Kwenye meza za nyumbani za dau dogo, mtu mpole anayeamka pale kopa ya tatu inapoanguka ana kopa. Tupa bila uchungu. Kwa mtu mkali anayeshambulia kila kopa, kila streti na kila K inayoanguka, fuata.

Kopa haijaja. Hapa dau lako linabadilika kazi. Mwenye droo iliyokufa halipi hata shilingi. Ukiwa na seti au pea mbili, weka dau kwa ajili ya wenye K. Ukiwa na pea ya juu ya wastani, mara nyingi ni bora ugonge na umwachie nafasi ya kuzuga, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kupata pesa yake ya mwisho.

Lakini ukishagonga, uwe umeamua mapema kwamba utafuata. Mwaka 2003, kwenye fainali ya shindano kuu la World Series of Poker pale Binion's Horseshoe, Las Vegas, walibaki wawili kati ya washiriki 839: Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa, na Chris Moneymaker, mhasibu aliyepitia mchujo wa intaneti. Karata ya nne ilipofunuliwa meza ilikuwa 9♠2♦6♠8♠. Farha alikuwa na Q♠9♥, pea ya juu. Moneymaker alikuwa na K♠7♥: hana pea, ila shupaza yoyote, 5 yoyote, 10 yoyote na K yoyote ilikuwa inamwokoa. Ukiziona karata za wote wawili, ni karata 17 kati ya 44, karibu asilimia 39. Hiyo ni droo kubwa kupita kiasi kwa mtu asiye na pea. Pesa iliingia kwenye karata ya nne, ikaja 3♥ ambayo haikumsaidia mtu, na Moneymaker akasukuma zote. Farha alifikiri kwa muda, akatupa mkono uliokuwa unashinda. Moneymaker aliondoka na taji na dola milioni 2.5.

Ni rahisi kumcheka Farha ukiwa umekaa na kahawa. Tazama tatizo lake kwa karibu. Meza ilikuwa na shupaza tatu, na streti iliwezekana kwa mwenye 10 na 7 au 7 na 5. Mikono iliyokuwa inampiga ilikuwepo. Alichokuwa nacho ni Q♠, ambayo ilipunguza idadi ya flashi za Moneymaker, lakini pia ilipunguza idadi ya droo za shupaza moja ambazo angezikosa. Maamuzi ya namna hii hayana uhakika. Yana idadi tu: jozi ngapi za karata zimekamilika, ngapi zimekosa, na bei unayotakiwa kulipa ni kiasi gani.

Pesa ikiwa ndogo mbele yenu

Kama poti ni 6,500 na kila mmoja amebakiwa na 6,500, weka zote kwenye flopu na pea yako ya juu. Mwenye flashi anahitaji asilimia 33 na anayo 35, kwa hiyo hajakosea kufuata. Nawe hujakosea kuweka. Uko mbele karibu mara mbili kati ya tatu, na hakuna uamuzi mgumu unaokusubiri mwishoni. Pesa ikiwa mara mbili ya poti, kuweka zote kunamtaka asilimia 40, na hapo ndipo anakosea.

Kama mnacheza kasino, kumbuka nyumba inakata chake kwenye kila poti. Makato hayo yanaipunguza odi ya mwenye droo zaidi kidogo, na yanakula faida yako pia kwenye poti ndogo. Cheza kwa pesa ambayo ikipotea usiku huo kodi ya nyumba haiguswi, kwa sababu hata bei ikipangwa vizuri kiasi gani, kopa itamwangukia mtu mara moja kati ya tano, na kuna usiku zinakuja tatu mfululizo.

Zoezi la nyumbani

Chukua paketi ya karata. Toa A♠K♦ uweke upande wako, J♥10♥ upande wa pili, K♥8♥3♣ katikati. Changanya zilizobaki, funua karata ya nne, andika dau ambalo ungeweka na asilimia unayomdai, kisha funua ya mwisho. Rudisha, changanya, rudia mpaka uanze kutaja bei bila kugusa kalamu. Kisha ondoa 3♣ pale katikati uweke Q♣, ambayo inampa pia streti inayosubiri A au 9, na uanze upya.